Miaka Mitatu ya Kubeba Wingu

Mimi ni mstaafu mwenye miaka kumi na sita. Mkitaka kucheka, chekeni sasa mmalize, kwa sababu yanayofuata ni mambo ya kazi na sitaki kukatizwa. Kwa miaka mitatu nilikuwa mbeba wingu wa Sunday school ya kanisa letu hapa Silanga, Kibera. Nyinyi mliopokea fito baada yangu mnaishika kama watu wanaoanua nguo mvua ikinyesha, na Mwalimu Mbithe ameniomba niwaandikie machache. Kusema kweli hakuniomba. Alisema, "Boni, huo mdomo wako haujawahi kupumzika. Upe kalamu tuone." Mimi nimelihesabu kuwa ombi.

Sitazungumzia vyeo. Niliingia mbeba wingu, nikatoka mbeba wingu. Mshahara nao ulikuwa nusu kikombe cha chai na andazi, na andazi lenyewe lilitegemea kama kuna mtoto mgeni amekuja bila kuitwa. Tuanze na siku ya kwanza.

Nilikuwa darasa la saba. Mwalimu Mbithe mnamjua: Jumatatu hadi Jumamosi anauza makaa karibu na bwawa, kwenye Dam, na Jumapili anavaa nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayelipiza kisasi. Siku hiyo alikuwa anafundisha jinsi wana wa Israeli walivyotembea jangwani miaka arobaini. Mimi nikainua mkono.

"Mwalimu, shangazi yangu hupanda basi jioni hapa Nairobi, asubuhi yuko Kakamega, na amebeba kuku. Hawa watu walipotelea wapi miaka arobaini?"

Darasa lilicheka, hata watoto wasiojua Kakamega iko upande gani. Mwalimu Mbithe hakucheka wala hakukasirika. Ni mtu wa Kitui, na watu wa kwao hawana haraka na jibu.

"Hawakupotea," akasema. "Kila wakiambiwa twende, kulikuwa na mmoja kama wewe wa kuuliza shangazi yuko wapi. Kuja hapa mbele."

Akanipa mwanzi mrefu uliofungwa shuka nyeupe ya kitanda. Nilidhani nimepandishwa cheo. Baadaye nilielewa kwamba alitaka tu mdomo wangu uwe mbali na masikio ya wengine.

Kazi yenyewe ilianza kwa shida ya nafasi. Kanisa letu ni chumba kimoja cha mabati, na wazee wakiingia ibada ya pili watoto lazima watoke. Mwalimu ana rafiki mwenye kishamba cha sukuma na nduma kando ya Dam, na huko ndiko darasa huhamia. Lakini kati ya kanisa na shamba kuna mitaro miwili, foleni ya maji, mbwa mmoja mwenye dharau, na mlango wa mama fulani anayepika kitu ambacho si uji. Kuwapitisha watoto thelathini hapo kwa kupiga kelele haiwezekani. Ndipo Mwalimu akakumbuka kwamba Musa alikuwa na watu wengi kuliko hao, tena wabishi zaidi, na wingu ndilo lililokuwa likiwaongoza. Likiinuka wanang'oa hema. Likitua wanatua, iwe ni siku moja au mwezi mzima.

Kwa hivyo sheria zikawa hivi, na naona mmeanza kuzilegeza. Wingu likiinuka, watoto wanainuka. Wingu likishuka, wanaketi papo hapo walipo na wananyamaza, hata wakiulizwa jina. Mwalimu anatembea mwisho kabisa na wale wadogo, na hasemi kitu. Anainua mkono, unainua wingu. Anashusha mkono, unashusha. Kwa hivyo mjue, mbeba wingu haangalii mbele. Anaangalia nyuma kila baada ya hatua kumi. Mimi shingo yangu hadi leo hugeuka yenyewe nikiwa njiani, na wasichana wa shule wanadhani nawatafuta.

Kisha alikuwa akiwajaribu. Wingu likiwa chini, ghafla anaita kwa sauti, "Haya, inukeni twende!" Anayeinuka anarudishwa mwisho wa mstari. "Msifuate sauti yangu," alikuwa akisema. "Sauti yoyote inaweza kuwaita. Fuateni wingu." Watoto wakashika hiyo sana. Walishika kuliko alivyotaka, lakini hapo nitafika.

Vifaa: shuka ifuliwe Jumamosi na mbeba wingu mwenyewe, si mama yake. Ifungwe mafundo matatu, la juu liwe la kulegea ili upepo wa Dam usiivunje fito. Na kwenye zile nyaya za stima zinazoning'inia pale penye kinyozi, usishushe fito. Ilaze mbele, kama mtu anayeinamia sahani. Hili nililijua kwa aibu. Mwezi wangu wa kwanza nilifika kwenye nyaya, nikaogopa kuchomeka, nikashusha. Nyuma yangu nikasikia kishindo laini, watoto thelathini wameketi katikati ya njia, mbele ya mkokoteni uliojaa mitungi ya maji.

"We kijana!" mwenye mkokoteni akaita. "Toa hii harambee yako njiani!"

Nikageuka kumtafuta Mwalimu aniokoe. Naye alikuwa ameketi. Na hiyo nguo nyeupe. Akaniangalia kutoka huko chini kwenye vumbi, kimya, akingoja kama mtoto mwingine yeyote. Hapo ndipo niliposhika kwamba huyu mama hatanii.

Sasa niseme juu ya kesi ngumu. Nimekutana na waliolia, waliouma, na mmoja aliyejikojolea kila tukifika mtaro wa pili, bila kukosa, kama saa. Lakini kesi yangu ngumu ilikuwa Kariuki.

Alikuja akiwa na miaka sita. Mama yake, Mama Kariuki, alikuwa akifulia watu nguo kule kwenye ghorofa za Nyayo Highrise, na walikaa wawili tu katika chumba nyuma ya kanisa. Siku yake ya kwanza nilishusha wingu, wote wakaketi, yeye akabaki wima, mikono mfukoni.

"Keti," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Wingu limeshuka."

"Hiyo si wingu. Hiyo ni shiti."

Mimi niliyekuwa nimefikiria hivyo hivyo mwaka mzima nilikasirika sana. Nikamwambia mambo ya moto wa milele. Mwalimu akaja polepole kutoka nyuma, akamwangalia.

"Ni shiti," akakubali. "Nilinunua sokoni Gikomba. Sasa keti."

Kariuki hakuwa amejiandaa kwa mtu anayekubali. Akaketi, tako moja tu, la pili likabaki hewani kama pingamizi. Kwa mwaka mzima na zaidi aliketi hivyo, tako moja. Nikamweka mstari wa mbele karibu nami ili nimwone, na polepole nikaanza kumpenda, jinsi unavyopenda kidonda kilichoanza kupona.

Siku ya somo la mana Mwalimu alimwaga popkoni juu ya magunia safi pale shambani. Sheria: kila mtu achote anachoweza kula leo, asiweke cha kesho. Watoto wakashambulia. Nikamwona Kariuki anajaza mfuko wa kaptura. Nikamshika kwa furaha ya askari aliyepata kesi.

"Mwalimu! Huyu ameficha mana!"

"Sijaficha," Kariuki akasema. "Ni ya mama."

Nilikuwa tayari na maneno kuhusu mabuu, maana mana iliyolazwa ilioza na kuingia mabuu. Mwalimu hakunisikiliza. Alifungua Biblia yake yenye alama za vidole vya makaa, akasoma kimya, midomo ikicheza, kisha akasoma tena.

"Boni, mimi nimefundisha somo hili miaka mingi na nimelifundisha nusu," akasema. "Waliambiwa kila mtu aokote ya walio hemani kwake. Mtoto amefuata sheria kuliko sisi." Akamwambia Kariuki, "Jaza na mfuko huo mwingine."

Kwa hivyo mkifundisha hilo somo, msisahau walio hemani. Na msikimbilie kushika watu.

Sasa nifike Jumapili ya mwisho ya mwaka 2007. Nimeandika na kufuta mara tatu, na kila mara nilikuwa najitoa kwenye makosa. Hii ni ya nne.

Kura zilikuwa zimepigwa Alhamisi na matokeo hayajatoka. Tangu Ijumaa kila nyumba redio ilikuwa juu, watu hawatembei, wanasimama vikundi vikundi. Darasani walikuja watoto kumi na mmoja tu. Kariuki alikuwa amelala kwa Mwalimu tangu Jumamosi, kwa sababu mama yake alikwenda Kawangware kumwona dada yake aliyejifungua, arudi Jumapili jioni. Ibada ilichelewa, na tulipofika shambani jua lilikuwa limeanza kuteremka. Nikashusha wingu. Tukaimba kidogo, bila moyo.

Kisha redio zote za Silanga zikatoa matokeo, zikanyamaza kwa pamoja. Halafu sauti ikatoka mtaani. Haikuwa kelele za mpira, na haikuwa za msiba. Baada ya muda mfupi tukaona moshi, upande ule wa kanisa, upande wa nyumba zetu.

Nikamwangalia Mwalimu. Mkono wake ulikuwa chini. Ameutandaza hivi, kiganja kwa ardhi: ngoja.

Mama yangu alikuwa upande wa moshi. Nikangoja kama dakika tano, kisha kumi. Moshi wa pili ukatokea, karibu zaidi na kwetu.

"Mwalimu, twende."

"Bado."

"Mwalimu, kunaungua!"

"Naona, Boni. Ndiyo maana nasema bado."

Mnajua kuna mahali katika safari ile wana wa Israeli waliambiwa wasipande mlimani, nao wakapanda, kwa sababu walikuwa wamechoka kuambiwa. Nilikuwa nimelisikia somo hilo mara nne, na mara zote nilicheka jinsi walivyopigwa wakarudi mbio. Siku hiyo nikainua fito.

Niliinua mwenyewe, bila mkono wa mtu. Nikaanza kutembea kuelekea mtaani. Na watoto wakainuka.

"Ketini!" Mwalimu akaita. "Nimesema ketini!"

Hata mmoja hakuketi. Walidhani anawajaribu. Alikuwa amewafundisha wasifuate sauti yake, wafuate wingu, na wingu lilikuwa linaondoka. Nilipotazama nyuma nikaona mstari mzuri kuliko yote niliyowahi kuongoza, watoto kumi na mmoja, kila mmoja nyuma ya mwenzake, kimya, macho kwenye shuka. Wa kwanza alikuwa Kariuki. Nyuma yao kabisa Mwalimu anakuja mbio, na Mwalimu Mbithe si mtu wa mbio.

Ningeweza kusimama. Sikusimama. Nilijiambia nikifika tu kwenye mtaro nitaona vizuri.

Tulipinda kona ya kwanza, na vijana kama kumi walikuwa wanakuja mbele yetu. Rungu, mawe, wawili wana panga. Siwataji. Wengine tulikuwa tukicheza nao mpira.

"Simameni hapo! Hii ni maandamano ya nani?"

Mimi nimewahi kumjibu mwalimu mkuu, nimewahi kumjibu kasisi katikati ya mazishi. Siku hiyo nilitafuta mzaha mmoja tu kichwani, nikakuta kumefagiwa. Mikono yangu ilifanya kitu pekee ilichokijua. Ilishusha wingu.

Watoto wote wakaketi, papo hapo. Kariuki naye akaketi, matako yote mawili, chini kwenye tope.

"Nini hii?" mmoja akauliza.

"Ni wingu," nikasema, kwa sauti ya kuku aliyekaliwa.

Wawili wakacheka kidogo. Lakini yule wa mbele hakucheka. Alikuwa amemwinamia Kariuki.

"Wewe. Sura hii naijua. Unaitwa nani?"

Jina ambalo mama yake alimpa, ambalo mimi nilikuwa nikiliita kila Jumapili bila kulifikiria, tangu matokeo yatangazwe lilikuwa limegeuka kuwa jina la kabila, la kumfanya mtoto apigwe. Na Kariuki alikuwa mtoto wa kujibu. Hujawahi kumuuliza kitu akakosa neno. Nilifumba macho.

Sikusikia kitu. Nilipofumbua alikuwa anatazama shuka iliyolala miguuni pangu, midomo imebanwa. Wingu lilikuwa chini. Wingu likiwa chini hatujibu, hata tukiulizwa jina.

"Nakuuliza wewe!"

Ndipo Mwalimu akafika, anahema. Nilidhani atapiga magoti, au atapiga mayowe. Alifika pale Kariuki alipo, akaona wingu liko chini, akaketi. Kwenye tope. Akamkalisha mtoto mapajani, akatuliza pumzi.

"Habari ya jioni," akawaambia.

Yule kijana alinyooka. "Mama Makaa. Hawa wote ni wako?"

"Wote."

"Hata huyu?"

"Huyu amelala kwangu jana, ameamka kwangu leo." Kisha akanitazama mimi. "Boni, inua."

Nikainua. Watoto wakainuka. Mwalimu alibaki chini, akanyoosha mkono wake kwa yule kijana wa rungu.

"Magoti yangu yameisha, mwanangu. Nisaidie."

Kijana akasimama mbele ya ule mkono, akautazama kama mtu aliyepewa mtihani. Halafu akahamisha rungu mkono wa kushoto, akamshika, akamvuta juu. Mwalimu akampangusa kijana tope alilompaka kwenye mkono wa shati, akamwambia asante.

"Pitieni chini kwa Dam, Mama," kijana akasema, bila kututazama. "Huku mbele kunawaka."

Tukapita chini kwa Dam mpaka ukuta wa Highrise, ambako watu walikuwa wamejaa na magodoro yao. Mama yangu nilimkuta hapo, amebeba jiko la makaa na redio. Alinipiga kofi, kisha akanikumbatia, kwa mpangilio huo. Wazazi wa wengine wakaja mmoja mmoja. Njia nzima Mwalimu hakunisema. Mwishoni, tukiwa tumebaki sisi wawili na Kariuki aliyelala begani kwake, ndipo akasema.

"Leo umewapeleka watoto mahali mimi sikuwaambia waende."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na wamekufuata kwa sababu mimi niliwafundisha kufuata shiti bila kuangalia nani ameibeba. Kwa hivyo makosa ni ya watu wawili." Akamsogeza mtoto bega lingine. "Mimi nitaomba yangu. Wewe omba yako."

Nimewahi kusikia mahubiri marefu juu ya utii, na yote huambiwa wale wanaofuata. Nyinyi mnaoshika fito, sikieni hili: mtoto akikutii, amekupa kitu chake kizima umshikie. Angalia nyuma.

Chumba cha Mama Kariuki kiliungua usiku ule. Yeye mwenyewe alikwama Kawangware. Alipiga simu ya Mwalimu, akalia, akaambiwa mtoto amekula na ameoga, akalia tena. Kurudi Kibera hakuweza, na hakuna aliyemwambia ajaribu.

Kariuki alikaa kwa Mwalimu wiki tatu. Shule hazikufunguliwa, kwa hivyo nami nilishinda huko, nikipima makaa. Siku hizo sukuma ilikuwa adimu, unga adimu, na makaa ya Mwalimu yalikuwa magunia machache yaliyobaki. Wenye uwezo walikuja kutaka gunia zima. Alikataa.

"Mkebe mmoja kila nyumba," alisema. "Wa leo. Kesho uje tena."

"Na kesho yakiisha, Mama Makaa?"

"Basi tutakuwa tumepika leo wote."

Mama mmoja alimtukana kwa lugha tatu. Mwalimu alimpimia mkebe wake, akaongeza vipande viwili juu. Sijui kama hiyo ndiyo imani. Nilichoona ni kwamba kila siku tulikaribia kuishiwa, na siku ya lori la makaa kuja tulikuwa na nusu gunia.

Kila asubuhi Kariuki aliuliza jambo moja. "Mwalimu, wingu litainuka lini?"

"Bado."

Hakuuliza kwa nini. Aliketi mlangoni, matako mawili, akachora njia kwenye vumbi.

Palipotulia kidogo, Jumamosi moja asubuhi, Mwalimu aliinua mkono. Mama yangu alisimama mlangoni kunizuia.

"Unaenda Kawangware? Na hilo jina lako la Shikuku? Na hicho kijiti?"

Alikuwa na haki. Upande wetu jina la Kariuki ndilo lililokuwa zito. Kule anakokwenda, mitaa mingine, zito lilikuwa langu. Mwalimu alimwambia, "Mama Boni, mimi naweza kumpeleka peke yangu. Simlazimishi kijana." Wote wakanitazama. Kariuki alikuwa tayari amesimama mahali pake, nyuma ya fito iliyokuwa imeegemea ukuta, akingoja. Ningefanya nini? Nikainua. Safari hii niliangalia nyuma kila hatua tatu.

Tulipofika Barabara ya Ngong askari wakatusimamisha.

"Hiyo bendera ni ya chama gani?"

"Ni shiti, afande."

"Ni wingu!" Kariuki akafoka, amekasirika kabisa.

Askari akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama mama aliyevaa nyeupe. "Pitisheni wingu lenu haraka," akasema.

Kawangware palikuwa na majivu yake kama kwetu, na watu waliokuwa wakituangalia bila kusalimia. Nilijilazimisha nisiharakishe. Kijana mmoja alitufuata kwa muda, akachoka. Tukapinda karibu na mashine ya kusaga unga, na hapo nje ya mlango wa mabati alisimama Mama Kariuki, amejifunga leso ya mtu mwingine. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilipanda kichwani.

Kariuki akachomoka. Akapita chini ya wingu, akanipita mimi, mbio.

"Kariuki! Wingu bado hali—"

"Wacha," Mwalimu akasema. "Amefika. Wingu ni la njiani. Hata wao walipovuka Yordani, sijasoma mahali lilipowatangulia tena. Shusha, Boni."

Nikashusha. Hakuna aliyeketi.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja, watu saba na mtoto mchanga. Mama Kariuki alituonyesha kwa aibu mahali wanapolala, godoro jembamba lililo wazi, alama za maji juu yake. Mwalimu alilitazama. Kisha akaja kwangu mlangoni, akafungua fundo la chini, la kati, na lile la juu la kulegea. Akaikung'uta shuka, akaitandika godoroni, akakunja pembe zake vizuri kama hospitali.

"Mwalimu," nikamnong'oneza, "na kazi yangu je?"

"Kazi gani?" akasema. "Imekwisha."

Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Shuka mnayobeba nyinyi ni ya pili, na ilipopatikana nilikuwa kidato cha pili na fito imeshachukuliwa na msichana wa darasa la sita anayejua kuangalia nyuma kunishinda. Sina kinyongo. Kidogo tu.

Tuliondoka Kawangware mchana, mimi na Mwalimu na ule mwanzi mtupu. Mara ya kwanza kwa miaka mitatu yeye alitangulia. Sikuwa na cha kuinua wala cha kushusha, na hakuinua mkono. Kwenye kona ya kwanza alisimama kuangalia barabara, nikasimama. Akaanza kutembea, nikatembea. Alikaa juu ya jiwe kupumzisha magoti, na mimi, bila kuuliza chochote, nikaketi.